Vita Vikifika Mlangoni mwa Shule: Mwongozo kwa Walimu, Wazazi na Kamati za Shule

Ubaoni palikuwa bado na tarehe ya siku tuliyokimbia, imeandikwa kwa chaki, na chini yake hesabu ya sehemu ambayo darasa la nne halikuwahi kuimaliza. Vingine vyote vilikuwa vimevurugwa. Madawati yaligeuzwa kuni; mguu wa dawati moja ulibaki umeungua nusu katikati ya mafiga matatu, pale alipokuwa akikaa mtoto wa mstari wa mbele. Mlango hakuna. Mabati mawili hakuna. Maganda ya risasi yametapakaa hadi kizingitini. Direkta wetu, mkuu wa shule, hata mabati hakuyatazama. Aliuliza kitu kimoja: "Rejesta iko kwa nani?"

Nilidhani mzee kachanganyikiwa. Ilikuwa kwa mama mmoja wa kamati ya wazazi, ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya gunia la unga. Wiki mbili baadaye tulikuwa tunasomesha chini ya miti ya parokia. Watoto waliitwa mmoja mmoja kutoka kwenye daftari lile, na asiyeitika tulijua ni mtoto wa nani na nyumbani kwao ni wapi. Tangu siku hiyo mpangilio wangu ni huu: mtoto kwanza, rejesta ya pili, jengo la mwisho. Nimewaona waliougeuza. Walibaki kulinda kuta, na mwisho hata kuta hawakuzipata.

Ninayoyaandika yametoka mashariki ya Kongo: Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri, ambako kuna watoto walioanza darasa la kwanza na kumaliza la sita bila kumaliza mwaka hata mmoja kwa utulivu. Waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, UNICEF ilisema zaidi ya shule na vituo vya kujifunzia 2,500 vilikuwa vimefungwa katika Kivu mbili. Lakini mwalimu wa Mandera au Garissa, au mzazi wa Cabo Delgado kule Msumbiji, ataona mengi hapa yanamhusu. Karibu yote yanaweza kufanywa bila mradi na bila mfadhili. Yanataka daftari, kalamu, na watu wanaoaminiana.

Hatua ya 1: Jueni kinachowalinda, na kinapoishia

Nitaanza na sheria. Hailindi mtu na risasi, ila mtu anayejua anachodai huzungumza kwa sauti nyingine.

Shule ni mali ya kiraia. Kuishambulia kwa makusudi wakati haitumiki kijeshi ni uhalifu wa kivita chini ya kifungu cha 8 cha Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Mahakama hiyo ndiyo iliyomtia hatiani Thomas Lubanga mwaka 2012 kwa kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 katika vita vya Ituri. Mwaka 2019 ikamfunga Bosco Ntaganda miaka 30 kwa makosa mengi, na kuandikisha watoto lilikuwa mojawapo. Majina haya makamanda wanayajua. Huna haja ya kuyataja mbele yao.

Kundi lenye silaha likisema "sisi hatujatia sahihi chochote", jibu lipo: Protokali ya Pili ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva inahusu vita vya ndani ya nchi, inabana pande zote zinazopigana, na inasema watoto wapewe elimu kama wazazi wao wanavyotaka.

Kwa jeshi la serikali ya Kongo kuna zaidi. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kusoma, na shule ya msingi ya umma ni ya lazima na ya bure. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kuandikisha mtoto wa chini ya miaka 18 kwa kifungo cha miaka 10 hadi 20. Mei 2013 Waziri wa Ulinzi alitoa agizo kwamba askari wanaoshambulia shule au kuzichukua kwa kazi za kijeshi wataadhibiwa. Kisha lipo Azimio la Shule Salama, lililofunguliwa Oslo Mei 2015, ambalo Kongo ililiunga mkono mwaka 2016 na leo lina nchi zaidi ya mia moja. Azimio hili ni ahadi ya kisiasa, halina nguvu ya mkataba. Hata hivyo linakwenda pamoja na kanuni sita zinazosema wazi kile ambacho sheria za vita zilikiacha kizani: shule inayofanya kazi isitumiwe na wapiganaji kwa namna yoyote, hata wikendi, hata likizo.

Sasa sehemu chungu. Askari wakilala darasani, wakiweka silaha au kituo cha mawasiliano, shule inaweza kupoteza ulinzi wake na kuwa shabaha halali ya upande wa pili. Kwa hiyo bunduki moja iliyoegemezwa ukutani, hata ya "askari wetu", hata ya mtu mwema anayejikinga mvua, ni hatari kwa watoto wote. Hili wazazi wengi hawalijui, nao ndio huomba askari walinde shule. Kanuni ya tano inasema wapiganaji wasitumiwe kulinda shule kama kuna njia nyingine. Tafuteni njia nyingine.

Hatua ya 2: Kikao kimoja kabla ya kelele

Msingoje milio. Iteni watu saba au wanane: direkta, mwalimu mmoja wa kike, mwenyekiti wa COPA (kamati ya wazazi), mama asiye na cheo lakini anayesikilizwa, padri au mchungaji au shehe, mzee wa mtaa, na wanafunzi wawili wakubwa, mvulana na msichana. Saa mbili zinatosha.

Choreni ramani ya shule na njia zake kwa chaki sakafuni, kisha ulizaneni. Watoto wanatoka wapi, na wanapita wapi? Nani yuko karibu nasi anayeweza kushambuliwa: kambi, kizuizi cha barabarani, mnara wa simu, nyumba ya kiongozi? Ukuta upi unazuia risasi? Swali hili la mwisho kwa Goma si la kupita juu juu. Madarasa mengi ni ya mbao juu ya msingi wa mawe ya volkano, na risasi inapita kwenye ubao kama sindano kwenye kitambaa. Jiwe linaizuia. Mtoto aliyelala chini, nyuma ya msingi wa mawe, yuko mahali tofauti kabisa na mtoto aliyesimama nyuma ya ukuta ule ule.

Wasikilizeni sana wanafunzi. Msichana wa darasa la sita atawaambia kuna mahali njiani ambapo wanaume wenye silaha huwaita wasichana kwa majina. Katika kikao kama hicho niliwahi kuona walimu wanne wakitazamana. Hakuna aliyekuwa amewahi kusikia.

Mwisho gawaneni kazi kwa majina: nani anaamua kufunga shule asubuhi hiyo (mtu mmoja, na msaidizi wake), nani anashika simu, nani anabeba rejesta, nani anabaki na watoto wasiokuja kuchukuliwa.

Hatua ya 3: Rejesta

Hapa nitakaa kidogo.

Shule iliyopoteza jengo huhamia chini ya mti. Shule iliyopoteza orodha ya watoto wake haijui tena ni nani wa kumtafuta, na wapiganaji wanaochukua watoto hunufaika na fujo hiyo: mtoto asiye kwenye karatasi yoyote hana wa kuuliza habari zake. Kwa hiyo andaeni daftari la dharura, mbali na rejesta ya kawaida ya mahudhurio. Kila mtoto mstari mmoja: jina lote, jinsia, mwaka wa kuzaliwa, darasa, jina la mzazi au mlezi, namba ya simu ikiwapo, mtaa, na mahali familia ingekimbilia. Kipengele hicho cha mwisho watu hukisahau. Mwulize mzazi: "Mkikimbia, mnaenda kwa nani?" Atakujibu bila kufikiri: kwa shangazi Sake, kwa kaka Butembo. Andika.

Msiandike kabila. Msiandike dini, wala kazi ya baba kama ni askari au mtumishi wa serikali. Daftari hili linaweza kuangukia mikononi mwa yeyote, na orodha ya majina imewahi kuua watu katika eneo hili la Maziwa Makuu. Sina haja ya kueleza zaidi.

Tengenezeni nakala tatu. Moja kwa direkta, moja kwa mzazi anayeaminika anayekaa mbali na shule, moja kwenye parokia au msikiti. Zifungeni kwa nailoni mbili. Mwenye simu apige picha kurasa zote, amtumie ndugu aliye mji mwingine kabisa, kisha azifute kwenye simu yake, kwa sababu kwenye vizuizi simu hupekuliwa. Kila mwanzo wa muhula sahihisheni.

Na nyaraka za watoto wenyewe? Kila mzazi awe na buletini (karatasi ya matokeo) ya mwaka uliopita na cheti cha kuzaliwa kama kipo, vimekunjwa kwenye nailoni, tayari kwa kukimbia. Mtoto anayevuka kwenda kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, atakuta Wakongomani wanafuata mtaala wa Kongo. Anayeingia Uganda atasoma mtaala wa Uganda, kwa Kiingereza. Bila buletini nimeona watoto wa darasa la tano wakirudishwa la pili. Wengine huacha shule kwa aibu tu.

Hatua ya 4: Siku ya risasi

Kengele nyingi za shule zetu ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Watoto wakiisikia wanakimbilia uwanjani, maana ndivyo walivyofundishwa: kengele ni mapumziko. Basi msiitumie kwa hatari hata siku moja. Chagueni filimbi fupi fupi, au neno moja ambalo mwalimu wa kila darasa atalisema kwa sauti ya kawaida. Wafanyisheni mazoezi mara moja kwa mwezi, kama mchezo, bila kuwatisha.

Milio ikisikika watoto wako darasani:

Wote walale chini, kifudifudi, mbali na madirisha na mlango, karibu na ukuta wa mawe au msingi. Mikono juu ya kichwa. Mwalimu naye alale; mwalimu aliyesimama huwafanya watoto wainue vichwa. Hakuna kuchungulia, hakuna kupiga picha. Kama ni mabomu, wazibe masikio na waache midomo wazi kidogo. Mwalimu aendelee kusema, polepole: awaambie wahesabu, waimbe chinichini, wataje majina ya mito. Sauti anayoijua mtoto ndiyo inayomzuia asikimbie nje, na mtoto anayekimbia nje wakati wa majibizano ya risasi ndiye anayeuawa.

Ikiwa milio ni ya mbali na inasogea, uamuzi ni mwingine: kuwarudisha nyumbani mapema au kuwabakiza? Kanuni yangu ni kwamba hakuna mtoto anayetoka peke yake. Ama anachukuliwa na mtu aliye kwenye daftari, ama wanaondoka kwa makundi ya mtaa mmoja wakiwa na mtu mzima, ama wanabaki. Wazazi waambiwe hivi kabla, vinginevyo watavamia lango kwa pamoja na kuwakanyaga watoto waliokuja kuwaokoa.

Baada ya kimya ngojeni nusu saa au zaidi. Iteni majina. Andikeni nani alichukuliwa na nani, saa ngapi.

Shule za bweni ni jambo zito peke yake. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wapiganaji wa ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda, walivuka mpaka na kushambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, wilaya ya Kasese, Uganda, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Kongo. Wanafunzi 37 waliuawa, wengi ndani ya mabweni, na wengine walichukuliwa kubebeshwa mizigo. Kama shule yenu iko kwenye njia za makundi ya namna hiyo, hatua salama kuliko zote ni kufunga bweni na kuwagawa wanafunzi kwenye familia za mjini. Mkishindwa, bweni liwe na milango miwili pande tofauti, madirisha yenye nondo zinazofunguka kwa ndani, na mtu mzima macho usiku kucha mwenye njia ya kutoa taarifa.

Hatua ya 5: Njia ya shule

Watoto wengi hawashambuliwi darasani. Wanakamatwa njiani. Pangeni makundi ya mtaa, mkubwa mbele na mkubwa nyuma, na wazazi wakipokezana kuwasindikiza. Badilisheni saa za kuanza kama asubuhi ya giza ni mbaya. Sare yetu ya bluu na nyeupe ina mambo mawili: mahali pengine inamwonyesha mtoto kuwa ni mwanafunzi na anapitishwa kwenye kizuizi, mahali pengine inawaonyesha wanaotafuta watoto mahali pa kuwapata. Nyinyi mnajua njia zenu. Mkiona ni hatari, waje na nguo za kawaida, na mwalimu asimfukuze mtu kwa sababu ya sare wakati wa vita. Nashangaa kwamba hili bado linahitaji kuandikwa.

Hatua ya 6: Askari wakija kukaa shuleni

Hapa ndipo ujasiri na adabu vinapohitajiana.

Kabla ya lolote, watoto wasiingie. Shule ya "nusu askari, nusu wanafunzi", madarasa mawili kwa wapiganaji na manne kwa masomo, ni mbaya kuliko shule iliyofungwa. Wasichana wanakuwa hatarini kila wanapokwenda chooni, wavulana wanaanza kutumwa maji na kuni na baadaye wanatumwa mbali zaidi, na jengo zima ni shabaha. Waondoeni siku hiyo hiyo.

Kisha msiende kwa komanda mkiwa na hasira, wala mtu mmoja peke yake. Watu wanne au watano: kiongozi wa dini, mzee wa mtaa, direkta, mwenyekiti wa wazazi, na mama. Mama asiachwe, mara nyingi ndiye anayesikilizwa. Msimchukue mtoto. Simu zibaki nyumbani. Nendeni asubuhi, kabla ya pombe. Mwombeni mkubwa wa kikosi, msibishane na askari wa langoni.

Maneno yawe machache. Ninayoyapenda ni haya, na niliyasikia yakisemwa na mzee mmoja aliyevaa koti lake la kanisani:

"Jambo, Komanda. Tumekuja kama wazazi. Hatuulizi mnatoka wapi wala mnakwenda wapi. Watoto wetu wana mtihani mwezi huu. Tunaomba utuambie ni siku gani madarasa yatakuwa wazi, tuwatangazie."

Angalia kilichofanyika. Hakumshtaki mtu. Hakuuliza "mtaondoka au hamtaondoka?", swali ambalo jibu lake rahisi ni hapana. Aliomba tarehe, na mtu akishataja tarehe mbele ya wazee watano ameshajifunga kidogo. Komanda akisema "tutaona", mwambieni mtarudi siku fulani, mrudi kweli. Kwa askari wa serikali, mkiwa na nakala ya agizo la 2013 au ya Azimio, mkabidhini kwa heshima kama karatasi ya kawaida: "Labda ofisi yako haijaipata." Mlango huo humwezesha kutii bila kuaibika.

Msifanye haya: msitoe fedha, maana watakaofuata nao watadai, msitie sahihi karatasi yoyote ya "kuwakabidhi" jengo, msieleze upande wa pili uko wapi, hata wakiuliza kwa upole. Wengine hupendekeza mahali pengine pa kukaa kikosi. Inaweza kusaidia, lakini isiwe zahanati, kanisa wala nyumba ya mtu asiyekubali, na mwenye kupendekeza awe mzee wa mtaa, asiwe mwalimu. Mwalimu asionekane akipanga mambo ya jeshi.

Akikataa kabisa, shukuruni muondoke. Jengo ni la mwisho, nilishasema. Anzeni kutafuta mti.

Hatua ya 7: Ripoti

Umoja wa Mataifa unafuatilia makosa sita mazito dhidi ya watoto vitani: kuua na kulemaza, kuandikisha, ukatili wa kingono, utekaji, kushambulia shule na hospitali, na kuzuia misaada. Mfumo wa kufuatilia ulianzishwa na azimio 1612 la Baraza la Usalama mwaka 2005, na tangu azimio 1998 la mwaka 2011, upande unaoshambulia shule unaweza kuingizwa kwenye orodha ya Katibu Mkuu inayotoka kila mwaka. Msidharau orodha hiyo. Jeshi la Kongo lilikuwamo kwa kuandikisha watoto. Oktoba 2012 serikali ilitia sahihi mpango wa kurekebisha, na mwaka 2017 jeshi likaondolewa kwa kosa hilo. Mengi yalibadilika kati ya miaka hiyo miwili kwa sababu watu wadogo wa vijijini waliandika tarehe na saa.

Ripoti nzuri ni fupi: lini, saa ngapi, shule gani na kijiji gani, nini kilitendeka, nani (kama mavazi au bendera vilionekana), watoto wangapi wameathirika, wasichana wangapi na wavulana wangapi, shule ina hali gani sasa. Tenganisheni "niliona" na "nilisikia". Msiandike majina ya waathiriwa, hasa wa ukatili wa kingono. Huyo anahitaji kliniki ndani ya saa 72 kabla hajahitaji ripoti.

Pelekeni kwa mtu wa UNICEF, kitengo cha ulinzi wa watoto cha MONUSCO, ujumbe wa amani wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, pale kilipo bado (Kivu Kusini walifunga kazi Juni 2024), Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, au asasi ya haki mnayoiamini, kwa mdomo au kwa mkono. Msiweke kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kundi lenye watu mia mbili lina masikio mia nne, na mengine si ya wazazi.

Hatua ya 8: Wahami (waliokimbia makwao) wakijaa madarasani

Huwezi kumfukuza mama mwenye watoto watano usiku wa mvua, na usijaribu. Karibu kila wimbi la vita kuzunguka Goma madarasa yamekuwa nyumba. Siku ya kwanza kabisa kaeni na wawakilishi wao: madarasa yapi ya kulala, yapi ya kusomea mchana, nani anafagia, vyoo vipi ni vya watoto. Madawati yahifadhiwe chumba kimoja kilichofungwa, kwa sababu njaa ikizidi yatapikiwa, na hapo si ubaya wa mtu. Waandikisheni watoto wao kwenye daftari wiki hiyo hiyo. Walimu waliomo kati ya wahami, na hamkosi kuwapata, wapeni zamu.

Hatua ya 9: Masomo yaendelee, hata vipande

Zamu mbili, asubuhi na mchana, ni njia ya kwanza. Ya pili ni makundi ya mtaa: watoto kumi na watano kwenye baraza la nyumba, saa mbili kwa siku, mwalimu akizunguka. Chagueni kusoma, kuandika na hesabu, mengine yangoje. Wa darasa la sita na wa mwaka wa mwisho wa sekondari wapewe kipaumbele, kwa kuwa mtihani wa taifa ukiwapita wanapoteza mwaka mzima.

Mwalimu naye ana tumbo. Baada ya Januari 2025 benki za Goma zilifungwa na mishahara ikawa kitendawili. Mahali ambapo wazazi walichanga maharage na unga, walimu walibaki. Hilo ni jambo la kamati kulisema waziwazi, bila kumfanya mwalimu aombe.

Kila Septemba 9, siku ya kimataifa ya kulinda elimu dhidi ya mashambulizi, hugawiwa fulana. Mimi ningeomba chaki.

Hatua ya 10: Kurudi

Msiingie kwanza. Watu wazima wawili watazame kwa mbali, bila kukanyaga majani wala vifusi. Chochote cha chuma msichokijua, chenye mapezi, chenye pini, kilichozikwa nusu, ni bomu mpaka mtaalamu aseme sivyo. Aliyekiona asimame, arudi kwa nyayo zake mwenyewe, aweke alama mbali nacho kwa mawe au matawi bila kugongagonga ardhi, asipige simu akiwa karibu, kisha atoe taarifa kwa wategua mabomu. Watoto wafundishwe maneno matatu hadi wayaimbe: usiguse, usisogee, sema. Vilele vya miembe, mashimo ya vyoo na uwanja wa mpira vikaguliwe pia. Mpira huingia majanini, na mtoto huufuata.

Likishasafishwa, ondoeni kila dalili ya kambi: mahandaki yafukiwe, magunia ya mchanga yatolewe, michoro na majina ya vikosi ukutani yapakwe chokaa. Andikeni vilivyopotea na mpige picha, kwa ajili ya ripoti na kwa yeyote atakayesaidia kujenga.

Wiki ya kwanza msitoe mtihani. Michezo, nyimbo, kuchora, ratiba ile ile kila siku. Asiyetaka kueleza aliyoyaona asilazimishwe. Wako pia watakaorudi kutoka porini, waliokuwa na makundi yenye silaha. Kanuni za Paris za 2007 zinawatambua kwanza kama waathiriwa, na darasani maana yake ni rahisi: wasisimamishwe mbele, wasiulizwe "uliua?", na kijana wa miaka 15 asiketishwe na wa miaka minane. Vipo vituo vya kufidia masomo vinavyosomesha miaka sita ya msingi kwa mitatu. Ulizieni kilicho karibu.

Kisha asubuhi ya kwanza, kabla ya wimbo wa taifa, fungueni daftari na kuliita lote, jina kwa jina, hata ya wale mnaojua hawapo. Watoto wenyewe watawaambia: "Yuko Kampala." "Yuko kwa bibi yake." "Hatujui." Wote wasioitika wawekeeni alama kwa penseli.